Chuma cha kushikilia bafuni kimeng'oka na kigae. Natafuta fundi anayejua kumfungia mzee, si kupamba

Kitinda Mimba
Jumapili, saa 4:10 usiku

Wakuu, habari za usiku. Naomba msaada, na wenye utani leo wapite kimya kimya.

Mama yangu ana miaka 76. Nimemtoa Muheza mwezi wa tatu baada ya baba kufariki, sasa anakaa kwangu Kinyerezi. Ni mtu wa shamba, nguvu bado anazo, ila goti la kulia limekwisha na presha anayo. Ameshateleza bafuni mara mbili. Ya kwanza alinificha, nikaambiwa na mtoto. Ya pili nilisikia kishindo mwenyewe. Nimeingia namkuta amekaa sakafuni, mkononi kashika reli ya taulo, skrubu zake mbili zinaning'inia. Anacheka. Mimi machozi yananilenga.

Nikaenda Kariakoo nikanunua vile vyuma vya kushikilia, viwili, vinang'aa. Nikampigia fundi aliyeniwekea vigae. Kaja na drili, dakika 40 kamaliza, kachukua 50,000 yake kaondoka. Jioni, kabla mama hajaingia kuoga, nikasema ngoja nijaribu mwenyewe. Nina kilo 82. Nimekaa kwenye choo, nimekishika, nikajivuta kama mtu anayeinuka. Kimekuja chote na kipande cha kigae juu yake. Skrubu niliyoiokota ni fupi kuliko kidole changu cha mwisho.

Nampigia fundi, ananijibu: "Bosi, vile ni vya kushika tu, si vya kuning'inia."

Sasa nimebaki na ukuta uliotoboka na mama anayeogopa kuoga mchana nikiwa kazini. Nampataje fundi anayeijua hii kazi? Nimuulize nini kabla sijampa hela? Na hivi vyuma vinakaa wapi hasa, maana yule aliniuliza "nikuwekee wapi?" na mimi nikaonyesha tu kwa kidole. Naomba kuwasilisha.

Mpiga Zumari
Jumapili, saa 4:19 usiku

"Vya kushika tu, si vya kuning'inia." Huyo fundi apewe cheti. Pole sana mkuu, mama ameumia popote?

Kitinda Mimba
Jumapili, saa 4:22 usiku

Mkono ulichubuka tu. Nyonga nzima, tulimpeleka akapigwa picha. Asante mkuu.

Chakubanga Mpya
Jumapili, saa 4:40 usiku

Bibi zetu walioga nyuma ya nyumba kwenye uzio wa makuti, juu ya jiwe lenye ukoga, na hakuna aliyefungiwa chuma. Mambo mengine tunayatafuta wenyewe na hivi vigae vyetu vya kioo.

Timazi na Pima Maji
Jumapili, saa 5:03 usiku

Mimi ni fundi, mwaka wa 19 huu kwenye kazi. Nitamsema mwenzangu bila kumwonea.

Fundi wa vigae anajua kubandika. Kubeba uzito ni kazi nyingine. Kigae chako, ile saruji ya kubandikia na lipu iliyo nyuma yake, vyote kwa pamoja ni kama sentimita 3, saa nyingine 4 pale ukuta ulipopinda na lipu ikaongezwa. Hiyo ni nguo ya ukuta. Mwili wa ukuta ni tofali. Skrubu ya nchi moja na nusu imeishia kwenye nguo. Ulipojivuta, umeuvua ukuta shati.

Ninavyofanya mimi kwenye ukuta wa tofali zima la saruji: fisha (kile kijibomba kinachoingizwa tunduni ili skrubu ing'ate) ya milimita 10, ile ya nailoni ngumu na siyo zile laini za kijivu zinazouzwa kwa mafungu, na skrubu nene ya milimita 8 yenye urefu wa sentimita 8 mpaka 10, ili angalau sentimita 5 ziwe ndani ya tofali lenyewe. Kitako cha chuma kina matundu matatu kila upande, naweka skrubu zote sita. Ukiona fundi anaweka mbili anakwambia "hizi zinatosha", mwambie arudishe biti ya drili mfukoni.

Kutoboa: unabandika selotepu ya karatasi juu ya kigae ili biti isitambae, unaanza na biti ya kigae, ile yenye ncha kama mkuki, drili ikizunguka tu, nyundo yake (ule mgongo wa kugonga) imezimwa. Kigae kikishapita ndipo unabadili biti na kuwasha nyundo. Ukianza na nyundo moja kwa moja kigae kinapasuka hapo hapo, au kinapata ufa usioonekana, maji yanaingia, miezi sita baadaye unamlaumu aliyekubandikia. Na usitoboe ukingoni mwa kigae.

Halafu angalia vumbi. Linatoka la kigae kwanza, jeupe au jekundu, linafuata la kijivu la lipu, kisha linabadilika tena ukiingia kwenye tofali. Fundi anayejua anatazama vumbi na anasikiliza drili. Drili ikizama ghafla kama imeingia kwenye andazi, simama. Hapo pana uwazi, au tofali ni la mchanga mtupu.

Mwisho, vumbi lipulizwe litoke tunduni. Wengi hawapulizi. Fisha inakaa juu ya unga, siku ya kwanza inashika, baada ya mwezi inacheza.

Kitinda Mimba
Jumapili, saa 5:11 usiku

Mkuu Timazi umenifungua macho. Nyumba nilinunua ikiwa tayari, sijui tofali ni la namna gani. Nitajuaje kabla ya kutoboa tena?

Timazi na Pima Maji
Jumapili, saa 5:20 usiku

Tundu unalo tayari, alikuachia yule bwana. Chukua msumari mrefu, ingiza uchokonoe nyuma ya lipu. Ikitoka changarawe kwa taabu, ukuta ni mzima. Mchanga ukimiminika kama sukari, basi mwenye nyumba alifyatua tofali nyingi mno kwa mfuko mmoja wa saruji. Hapo fisha haitakusaidia hata ikiwa ndefu kama mkono. Nirudishie jibu kesho.

Dili za Mjini
Jumatatu, saa 1:30 asubuhi

Ya nini mateso yote hayo? Kuna vyuma vya kunyonya ukuta, vya mpira, unabonyeza tu kitasa kinaganda. Hakuna kutoboa. Ninavyo, njoo faragha.

Theluji ya Minnesota
Jumatatu, saa 3:05 asubuhi

Kitinda Mimba, usinunue hivyo vya kunyonya, nakuomba. Hilo ndilo boksi ninalobeba huku Marekani, nalea wazee mwaka wa 11. Vile vinafaa kumsaidia mtu kusimama sawa, yaani kugusa tu, tena kwenye kigae kikubwa laini na kila siku uvijaribu kabla ya kuoga. Vinaachia bila taarifa, hasa mpira ukizeeka au kikikaa juu ya mstari wa kuungia vigae. Mzee akikiamini, siku kitakapoachia ataanguka kwa kishindo kuliko kama asingekuwa na kitu.

Huku kuta za ndani ni mbao zilizofunikwa jipsamu. Mbao zimepangwa kila nchi 16, kwa hiyo fundi anazitafuta kwanza kwa kifaa maalumu, chuma kinafungwa kwenye mbao, kamwe si kwenye jipsamu peke yake. Ukuta tofauti, kanuni ile ile anayosema Timazi: tafuta mwili, achana na nguo. Viwango vyao vya 2010 vya majengo ya umma vinataka chuma na ukuta wake vihimili pauni 250, ambazo ni kilo 113. Mtu anayeanguka huvuta kwa nguvu kuliko uzito anaosoma kwenye mizani.

Na nafasi kati ya chuma na ukuta iwe nchi moja na nusu, sentimita 3.8. Nafasi ikiwa kubwa, mkono wa mzee ukiteleza unapenya mpaka kiwiko, anaanguka mkono umebaki juu. Hiyo nimeiona. Sitaisahau.

Dili za Mjini
Jumatatu, saa 3:20 asubuhi

Mnaniharibia biashara.

Goti la Mama
Jumatatu, saa 6:45 mchana

Nipo kwenye fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), nijibu swali lako la "wapi".

Kwanza Chakubanga Mpya: bibi zetu walianguka sana tu, ila tukisema "bibi alilala kidogo akafariki" hatukuwa tukiuliza alilala kwa nini. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wanaoongoza ni wazee wa zaidi ya miaka 60. Mfupa wa nyonga ukivunjika kwa mzee, wengi hawarudi kutembea kama walivyokuwa.

Sasa kazi. Usianze na futi, anza na mama. Mpeleke bafuni akiwa amevaa, sakafu kavu, wewe kaa kimya mlangoni. Mwambie aonyeshe anavyoingia, anavyokaa, anavyoinuka, anavyooga. Angalia mkono wake unakimbilia wapi. Kila unapogusa ukuta weka kipande cha selotepu. Utashangaa. Mara nyingi mkono haukimbilii pale ambapo sisi tulitaka kuweka chuma.

Pale choo cha kukaa, chuma cha kulala kando yake, ili asukume kwenda chini anapoinuka. Urefu kutoka sakafuni, mwambie asimame wima mikono imening'inia, pima kwenye kifundo cha mkono. Hiyo Marekani ya mwenzetu inasema nchi 33 mpaka 36, kama sentimita 84 hadi 91, lakini hicho ni choo cha watu wote. Mama mfupi ukimwekea 90 atakuwa ananing'inia kama nguo. Pale anapoingilia sehemu ya kuogea weka cha kusimama wima, maana pale anavuka na kujivuta. Cha mshazari wengine wanakipenda, ila mkono wenye sabuni huteleza kufuata mteremko.

Mkono upi una nguvu? Kama ana goti bovu la kulia, na bega la kushoto je? Kwa aliyepata kiharusi, chuma kikae upande mzima, na ukumbuke akigeuka kutoka, upande unageuka naye.

Je, anaoga kwa ndoo na kopo? Maana wapo wanaoanguka wakiinama kuchota. Ipandishe ndoo juu ya stuli imara, usawa wa magoti au juu kidogo, na yeye akae. Hilo halina gharama na lifanye leo kabla fundi hajapatikana.

Na hizo dawa za presha: akiamka usiku akae kitandani kwanza kama dakika moja ndipo ainuke.

Kitinda Mimba
Jumatatu, saa 7:02 mchana

Ndoo na kopo, ndiyo. Bomba la mvua halitaki kabisa, anasema linamnyeshea kama kuku.

Kibarazani Mvita
Jumatatu, saa 9:30 alasiri

Kwetu Mombasa, nyumba ya marehemu babu, Mji wa Kale. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama nini, lakini ndani laini. Tulileta fundi wa jua kali akatoboa, tundu la milimita 10 likatoka la kuingia kidole gumba. Bolti za kupanuka ndizo mbaya zaidi humo, zinasukuma pembeni na jiwe linapasuka. Mwisho tuliacha ukuta kabisa. Alisimamisha bomba la chuma kutoka sakafuni hadi kwenye boriti ya juu, kalifunga juu na chini. Mama analikumbatia kama mnazi.

Jambo jingine sijaona mtu kulitaja. Mama yangu alianguka akitawadha. Kuosha miguu, anainua mguu mmoja hadi kwenye sinki, amesimama kwa mguu mmoja sakafu ikiwa na maji, mara tano kwa siku. Tukamwekea kiti, mfereji wa chini na chuma kidogo kando. Kama mama yako ni mtu wa swala, tazama hapo kabla ya kutazama choo.

Kitinda Mimba
Jumatatu, saa 9:41 alasiri

Subhanallah. Mara ya kwanza alipoteleza ilikuwa alfajiri. Hatukujiuliza alfajiri alikuwa anafanya nini.

Cheche za Grinda
Jumatatu, saa 12:15 jioni

Mchomeleaji hapa. Hivyo vinavyong'aa vya Kariakoo vingine ni bati tupu limepakwa rangi ya fedha, ukikibonyeza katikati kinabonyea. Nenda na sumaku. Ikinata kwa nguvu hicho ni chuma cha kawaida kilichopambwa, ndani ya bafu kitaanza kutu kwenye skrubu. Stenlesi ya kweli ya vyombo hivi sumaku hainati, au inanata kidogo sana.

Kama bajeti imebana, njoo na bomba la maji la chuma la nchi moja. Watu hawajui kwamba "nchi moja" ni ya ndani, kwa nje lina kama milimita 33, ndiyo saizi ya kiganja. La robo tatu ni jembamba, mzee mwenye vidole vya baridi yabisi halishiki vizuri. Nalikunja, nachomelea vitako vya bamba la milimita 5, natoboa matundu manne kila kitako. Ila pale nilipochomelea zinki inayolikinga na kutu imeungua, kwa hiyo lazima nisage, nipige rangi ya kuzuia kutu kisha rangi ya mafuta. Akikwambia haina haja, huyo ni mvivu. Pwani chumvi haina huruma.

Jasho Langu
Jumatatu, saa 1:50 usiku

Mafundi mnawasema sana. Ninyi wateja mkiambiwa kazi ni 120,000 mnasema "si matundu manne tu?" Mtu unampa 50,000, humo atoe nauli na biti ya kigae inayokufa baada ya matundu machache, atapuliza vumbi saa ngapi? Ukilipa bei ya reli ya taulo utapata reli ya taulo.

Kitinda Mimba
Jumatatu, saa 2:00 usiku

Jasho Langu, bei aliitaja yeye na sikupunguza hata mia.

Timazi na Pima Maji
Jumatatu, saa 2:14 usiku

Jasho ana hoja nusu. Kinachoharibu ni kumpa fundi hela ya vifaa na ufundi kwa mkupuo mmoja. Analeta skrubu za bei chee, tofauti anakula. Mwambie akuandikie vifaa kwenye karatasi: biti ngapi, fisha za milimita ngapi, skrubu za urefu gani. Ununue mwenyewe, au nenda naye dukani. Karatasi hiyo ndiyo mtihani wake. Aliyeandika "skrubu" peke yake bila urefu hajui anachokwenda kufunga.

Muulize na hili: "Mabomba ya maji yamepita wapi ukutani?" Akijibu haraka haraka, mashaka. Fundi wa kweli atatazama mfereji uko wapi, kama kuna hita ya umeme juu na waya wake unashukia wapi, na atakwepa mstari wa juu na chini ya kila kitu kinachotoka ukutani. Nilishatoboa bomba la plastiki la maji ya moto nikiwa na miaka miwili kazini. Tulivunja vigae 6. Nililipa mimi.

Hela ya ufundi: nusu anza, nusu baada ya wewe kuning'inia. Mkubaliane kabla. Umning'inie mbele yake.

Mpiga Zumari
Jumatatu, saa 2:20 usiku

Aning'inie kwenye chuma, mkuu, siyo kwenye fundi.

Mzee Kifimbo
Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Vijana, nawasoma tangu juzi. Nina miaka 71 na mimi ndiye mnayemjadili.

Wanangu walinifungia vyuma mwaka juzi nikiwa safarini kwa dada yangu. Nimerudi nakuta bafu limekuwa kama la hospitali. Cha chooni kipo kushoto. Bega langu la kushoto halipandi tangu nilipoanguka na baiskeli mwaka 1988, na hakuna mtoto asiyejua. Sikusema kitu maana walitumia hela. Nashika sinki, kama zamani.

Huyo mama hakuwaficha kwa sababu ya ujinga. Akisema ameanguka, anajua kinachofuata: mjukuu atasimama mlangoni, au mkwe ataingizwa kumwogesha. Hilo ndilo analokimbia. Basi msimwambie "tunakufungia usianguke". Mwambieni "tunafunga ili uoge peke yako, mlango umefunga". Utaona anavyokuja mwenyewe kuonyesha pa kutoboa.

Na huo mlango. Wa kwenu unafungukia ndani? Nikianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wangu ndio kabari. Geuzeni bawaba ufungukie nje, na komeo liwe lile linalofunguka kwa nje kwa sarafu.

Goti la Mama
Jumanne, saa 1:05 asubuhi

Shikamoo mzee. Nimekaa darasani miaka mitatu, hakuna aliyenifundisha hilo la "uoge peke yako".

Mzee Kifimbo
Jumanne, saa 1:30 asubuhi

Marahaba mwanangu.

Kitinda Mimba
Jumanne, saa 3:15 usiku

Mrejesho wa kwanza. Nimechokonoa na msumari. Mkuu Timazi, sukari. Mchanga umemiminika mpaka nikaogopa nyumba.

Mama nimemwambia kama mzee Kifimbo alivyosema. Kanyamaza kidogo, kisha kauliza, "Na yule msichana hatakuwa anagonga mlango?" Nikamwambia hatagonga. Kainuka mwenyewe kwenda bafuni. Tumebandika selotepu. Mlangoni, mkono unakwenda kwenye kitasa cha mlango. Kwenye choo anashika ukingo wa sinki, na mimi nilikuwa nimeweka chuma ukuta wa nyuma yake! Kifundo cha mkono sentimita 72. Yule fundi alikuwa amefunga kwenye mita moja na zaidi.

Timazi na Pima Maji
Jumanne, saa 3:40 usiku

Upande wa pili wa huo ukuta kuna nini?

Kitinda Mimba
Jumanne, saa 3:42 usiku

Wa chooni, korido. Wa kuogea, nje.

Timazi na Pima Maji
Jumanne, saa 3:58 usiku

Mungu anakupenda. Achana na fisha. Toboa ukuta wote uvuke upande wa pili. Bolti ya kupita ya milimita 10, huku bafuni kitako cha chuma, kule koridoni bamba la chuma la sentimita 15 kwa 15, unene milimita 5, nati na washa. Ukuta unabanwa katikati kama mkate. Hata tofali likiwa la mchanga, uzito unagawanyika kwenye bamba zima, haliwezi kupita kwenye tundu. Usikaze kama gurudumu la lori, utaponda lipu. Kaza hadi ikae, kisha robo mzunguko. Upande wa nje ya nyumba ziba kwa silikoni kuzunguka bamba mvua isiingie, na huku bafuni silikoni iingie tunduni na juu ya kitako. Chini ya kitako acha wazi, maji yakiingia yapate pa kutokea.

Silikoni si gundi ya kushikia chuma. Nasema kwa sababu nimeona.

Cheche za Grinda
Jumanne, saa 4:10 usiku

Mabamba nakukatia. Pembe nazilainisha, la koridoni lisije likamchana mtoto.

Kitinda Mimba
Jumapili, saa 11:30 jioni

Wakuu, mrejesho wa pili. Kazi imekwisha jana.

Fundi nilimpata kwa mtu anayefunga vyuma vya madirisha mtaani. Niliwauliza watatu. Wa kwanza alisema "lete tu, nitaona". Wa pili bei yake ilikuwa nzuri, nilipouliza mabomba yamepita wapi akajibu "huko huko". Wa tatu alikuja kuangalia bila hela, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kuanzia mlangoni mpaka dirishani, akafungua mfereji na kuweka sikio. Akaandika karatasi: bolti 10 mm urefu sentimita 22, mabamba 4, nati mbili mbili kila bolti ili ya pili iifunge ya kwanza. Ufundi 130,000. Nikamwambia kuhusu nusu na kuning'inia, akacheka, akasema "hata mimi nitaning'inia".

Saa tano umeme ukakatika tukiwa na matundu matatu. Tulikaa barazani hadi saa nane, mama akampikia ugali na kisamvu, wakaongea Kisambaa mpaka nikajiona mgeni. Umeme uliporudi alimwita mama aje na kiti, kila tundu alimwuliza, "Bibi, hapa?" Cha mlangoni mama alikishusha sentimita 4 kutoka kwenye selotepu yetu, akasema ile siku alikuwa amevaa viatu. Kuna kigae kimoja kimepata ufa. Alinionyesha mwenyewe kabla sijauona, akakipunguzia 10,000.

Nimening'inia mimi, kaning'inia yeye, tukaning'inia wote wawili. Mama kasimama mlangoni anatuangalia, kasema, "Mmemaliza kucheza?"

Mlango unafungukia nje. Ndoo iko juu ya stuli. Pa kutawadhia tumeweka kiti na chuma kifupi, hilo ndilo lililomfurahisha kuliko yote. Leo alfajiri nilisikia maji, nikasikia komeo, nikabaki kitandani nimekaza macho kama mwizi. Katoka baada ya dakika 15, kapita koridoni akagonga lile bamba kwa kidole, akaenda kuswali.

Mzee Kifimbo
Jumapili, saa 12:05 jioni

Nitumie namba ya huyo fundi. Nataka kile cha kushoto kihamie kulia. Wanangu nitawaambia kimeng'oka.

Kitinda Mimba
Jumapili, saa 12:11 jioni

Nimekutumia faragha mzee wangu. Shikamoo.

Goti la Mama
Jumapili, saa 12:30 jioni

Mama akishaoga, vyuma anavitumia kweli au bado anashika sinki?

Kitinda Mimba
Jumapili, saa 12:44 jioni

Cha chooni anashika. Cha kuogea nimeenda kukiangalia sasa hivi, kaanikia kanga mbili na kitambaa cha kichwa. Kesho nanunua ndoano.